Mnaozungushia duara jekundu picha za Jua, tupeni vipimo

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Haupiti muda mrefu kabla mtu hajapandisha humu picha ya Jua iliyopigwa na chombo cha SOHO, ikiwa na kidoa cheupe kilichozungushiwa duara jekundu, na maelezo kwamba hiyo ni meli ya viumbe kutoka sayari nyingine ambayo NASA wanatuficha. Anayethubutu kuuliza swali huitwa kibaraka. Sijaona hata mmoja kati ya wapandishaji hao akitueleza kidoa hicho kina ukubwa gani, kiko umbali gani, au picha iliyopigwa dakika chache baadaye inaonyesha nini.

Kwa kuwa wao hawapigi hesabu, nitaipiga mimi. SOHO kilirushwa Desemba 1995 na Shirika la Anga la Ulaya kwa kushirikiana na NASA, na kinakaa takriban kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua. Picha zinazopendwa zaidi na watu wa meli hutoka kwenye kamera yake iitwayo C3, moja ya kamera za kifaa chake kiitwacho LASCO, ambayo hulikinga Jua lenyewe kwa kisahani ili mwanga hafifu wa korona, yaani tabaka la gesi ya joto kali linalolizunguka, uweze kuonekana. Kihisi cha kamera hiyo kina pikseli 1,024 kwa 1,024, nazo zinagawana eneo kubwa mno la anga, kiasi kwamba kwa kitu kilicho karibu na Jua pikseli moja huwa na upana wa zaidi ya kilomita 40,000. Dunia yetu, yenye kipenyo cha kilomita 12,700 hivi, ingeingia mara tatu kwa mstari ndani ya pikseli hiyo moja.

Sasa chukueni "meli" iliyoenea pikseli kumi. Upana wake ungekuwa kilomita 400,000, ambao unazidi umbali kati ya Dunia na Mwezi na unakaribia mara tatu ya kipenyo cha Mshtarii. Kama ingekuwa duara lenye msongamano sawa na wa Mshtarii, uzito wake ungezidi ule wa sayari hiyo zaidi ya mara ishirini, na mvutano wake ungeyumbisha njia ya Utaridi na ya Zuhura mbele ya macho ya kila mwenye darubini. Najua jibu litakalokuja: meli ni tupu ndani. Basi semeni ni tupu kiasi gani, imeundwa kwa kitu gani, na inastahimilije joto la pale. Na kama mtasema kwamba kitu hicho ni kidogo kwa sababu kiko karibu na kamera, mtakuwa mmeikana hoja yenu wenyewe, kwa kuwa picha moja hutupa pembe tu, yaani upana unaoonekana kwa macho, na haitupi umbali, na chembe ya vumbi au kigamba kilichobanduka kwenye chombo chenyewe kinaweza kuchukua pembe ileile.

Vidoa hivyo hutoka wapi? Vingi ni alama za chembe zenye nishati kubwa, hasa protoni, zinazogonga kihisi moja kwa moja bila kupitia lenzi. Ikigonga wima huacha nukta. Ikipita kwa mshazari huacha mstari, ambao humu huitwa "moshi wa injini". Tarehe 14 Julai 2000, baada ya mlipuko mkubwa kwenye Jua, picha za SOHO zilijaa alama hizo hadi zikaonekana kama zimenyeshewa theluji. Ilikuwa meli ngapi siku hiyo?

Alama ya namna hiyo huonekana kwenye picha moja na kutoweka kwenye inayofuata, nao wenzetu husema meli "imeondoka kwa kasi". Picha za C3 hupigwa takriban kila baada ya dakika 12. Kutoka katikati ya picha hadi ukingoni ni kama kilomita milioni 21, kwa hiyo meli hiyo ingelazimika kwenda karibu kilomita 29,000 kwa sekunde, yaani sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga, bila kuacha hata msukosuko kwenye upepo wa Jua (mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua) ambao kamera hiyohiyo imewekwa kuutazama.

Lile umbo la "kisahani chenye mabawa" ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu mara nyingi ni sayari inayojulikana kwa jina. Zuhura au Mshtarii ikipita mbele ya C3 hung'aa kupita uwezo wa pikseli zinazoipokea. Mashimo ya bao yakijaa, kete humwagikia shimo la jirani; elektroni ambazo mwanga huzizalisha ndani ya pikseli nazo hufanya hivyo, zikafurika kushoto na kulia na kuchora mabawa yaliyonyooka kabisa. Mahali ilipo sayari siku yoyote panatafutika kwa dakika mbili katika programu ya bure ya nyota.

Mwezi Desemba 2011 ilienea video ya "meli iliyojificha kando ya Utaridi", iliyotokana na picha za STEREO, chombo kingine cha NASA cha kulichunguza Jua. Wataalamu wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani walieleza kwamba mwanga wa nyuma hupunguzwa kwa kutumia picha za siku iliyotangulia, na kwa kuwa sayari husogea, pale ilipokuwa jana hubaki alama. Maelezo hayo yana zaidi ya miaka kumi, na video bado inapandishwa humu kama habari mpya.

Kuhusu madai ya kufichwa, picha hizi huwekwa wazi mtandaoni kila siku na watu hao hao mnaowatuhumu. Watu wa kujitolea wamezichambua na kupata kometi kwa maelfu. Ile ya 5,000 ilitangazwa Machi 2024. Hao hutazama kila kidoa, kwa sababu kometi yenyewe huanza kama kidoa, nao hawakubali chochote mpaka kionekane kwenye picha kadhaa mfululizo kikisogea kwa njia inayokokotoleka.

Picha za LASCO hubeba tarehe na saa kwenye kona ya chini kushoto. Picha iliyopandishwa wiki hii imekatwa kona hiyo, na si ya kwanza. Aliyeipandisha atuletee picha kamili, pamoja na iliyoitangulia na iliyoifuata, au moderata aufunge uzi wake.