Wakuu, mama yuko Houston wanataka kumchoma chanjo ya mRNA, nimkataze?

Mwana Kibirizi: Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, mama yuko Marekani kwa dada angu, juzi dada kapiga anasema kliniki wamemshauri mama achanjwe RSV, kile kirusi cha mafua kinachoshuka mapafuni kwa wazee. Kucheki nakuta ni ya kampuni ya Moderna, aina ya mRNA, ukoo mmoja na ile yao ya Corona. Mama ana miaka 68. Silali. Mwenye uelewa anisaidie, matusi sitaki.

Tabora Mjini: Mimi 2021 nilichoma Janssen, mkono ukauma siku mbili waifu akasema najifanya mgonjwa nisibebe maji. Mpaka leo nadunda.

Mzee wa Reli: Janssen haikuwa mRNA kijana, ile ilibebwa na kirusi kingine kilicholemazwa. Mnachanganya madesa.

Mtu wa Watu: Corona imeingia, mwaka haujaisha chanjo tayari. Nani anatengeneza chanjo hivyo? Mwombe Mungu tu mkuu.

Nesi Ujiji: Huo mwaka mmoja mnahesabu kuanzia mwisho. Wanasayansi Karikó na Weissman walishaonyesha 2005 kwamba ukibadili herufi moja ya RNA, ule ujumbe wa maelekezo kwa seli ambao mRNA ni aina yake, mwili hauipokei kwa fujo, Nobel wakapewa 2023. Na kwa vile RNA inaharibika upesi mno, ikabidi ifungwe kwenye vitone vidogo sana vya mafuta. Ikifika inaipa seli maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi, kinga inakikariri, yenyewe inavunjwavunjwa baada ya siku chache. Kwenye kiini cha seli kulikokaa DNA haiingii. Madhara yapo sifichi, zile za Corona zilileta kuvimba misuli ya moyo, nadra, hasa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Bi mkubwa wa 68 hayuko kundi hilo. Ila kule wa chini ya 75 wanashauriwa kama ana hatari ya ziada. Mama anaumwa nini?

Mwana Kibirizi: Haumwi dada, uzee tu.

Nesi Ujiji: Mwana, anaumwa nini?

Mwana Kibirizi: Haya, ana kifua. Kabanika migebuka Kibirizi toka sijazaliwa, macho mekundu kila jioni, huko wamempima wanasema mapafu yamechoka wakampa dawa ya kuvuta. Sasa si ndo naogopa? Mgonjwa unamchomaje kitu kipya! Nishamwambia akatae, na mawese na tangawizi nimempa jamaa anayesafiri ampelekee.

Nesi Ujiji: Umeishika kinyume. Hicho kifua ndo sababu ya kumchanja, RSV ikimkuta na mapafu hayo anaweza kuishia kuwekewa oksijeni. Na kama tatizo lako ni mRNA, zipo za protini, zenye kipande cha kirusi kilichotengenezwa tayari, toka 2023, ya kampuni ya GSK na ya Pfizer, japo nazo zina onyo la ugonjwa nadra wa neva. Achague na daktari wake, wewe uko Kibirizi.

Binti Muha: Mawese mpaka Houston 😂 yakimwagikia begi la mtu je

Chatu: Subirini kwanza. Mwaka jana si wewe uliyeleta uzi humu "mama katutoka" tukachanga? Nilituma elfu kumi. Hii chai.

Tabora Mjini: Tena ya maziwa. Modi njoo.

Mwana Kibirizi: Aliyefariki ni mama mkubwa, ndo kanilea. Wa Houston ndo kanizaa. Kwani kwenu mama mkubwa mnamwita shangazi?

Chatu: Na aliyebanika migebuka ni yupi?

Mwana Kibirizi: Wote. Ni ndugu, banio moja.

Mzee wa Reli: Hapo namuamini, kwetu Ujiji nina mama watatu.

Nesi Ujiji: Mkimaliza kesi yenu, huyo mama bado kifua kinabana. Mwana, utampigia umwambie asikusikilize wewe?

Mwana Kibirizi: Ntampigia dada, aongee na daktari. Ila mawese yanaenda.

Chatu: Na elfu kumi yangu?