Mjadala: Je, mamlaka za miji zikatae mitaa mipya isiyopenya, yaani ambayo barabara zake hazitokei mitaa ya jirani?

Ndugu wachangiaji, tunapojadili kutanuka kwa miji huwa tunapima eneo na kuhesabu nyumba, tukasahau kuuliza barabara za mtaa mpya zinaungana na nini. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, lakini barabara ikishapimwa na viwanja vikauzwa pande zote mbili, kuihamisha ni kazi ngumu mno. Mpango wa barabara za Manhattan, jijini New York, Marekani, ni wa mwaka 1811, na sehemu kubwa yake bado ndiyo inayotumika.

Marekani hiyo hiyo, katika miaka ya 1930, taasisi ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba iliwashauri wajenzi waachane na barabara zinazokatana kwa miraba, kwa hoja kwamba mtaa usiopitwa na magari ya wageni ni salama zaidi. Matokeo yake ni nyumba mbili zinazopakana kwa nyuma, ambapo anayetaka kumfikia jirani yake hutoka hadi barabara kuu, akaifuata, kisha akaingia mtaa wa pili. Basi la abiria haliwezi kupenya humo, na magari yote hurundikana kwenye njiapanda moja.

Mwaka 2009 jimbo la Virginia lilianza kukataa kutunza kwa fedha za umma barabara za mitaa mipya isiyounganishwa vya kutosha na jirani zake. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, kwa bahati mbaya. Asiyetaka kuunganisha azibe mwenyewe mashimo ya barabara zake.

Jibu la mchangiaji wa pili:
Ndugu, hapo sikubaliani nawe. Ukifungua kila upande, madereva wanaokwepa foleni watakatiza mbele ya milango ya watu. Tazama Houten, Uholanzi: gari linalotoka mtaa mmoja kwenda mwingine huzungukia barabara ya nje ya mji, ilhali baiskeli na waendao kwa miguu hupita katikati. Kinachotakiwa kupenya ni watu.

Jibu la mleta hoja:
Nakubali kwamba gari si lazima lipite kila mahali. Lakini njia za Houten zilitengwa kwenye ramani mapema. Kuta zikishasimama, nani atakubali kumega kiwanja chake kupisha kichochoro, na nani atamlipa fidia?