Msimamizi wa kituo cha kura wanampataje?

kibatari_mwanza: Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Hivi wale watu wanaokaa vituoni siku ya uchaguzi wanachaguliwa na nani? Mdogo wangu kamaliza chuo yupo tu home, nasikia ni hadi ujuane na mtendaji.

Mama Chapati: Mdogo wangu, tangazo huwa linatoka kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, linabandikwa pale ofisi ya kata na halmashauri. Unaandika barua, unaambatanisha vyeti, unapeleka. Kuna msimamizi wa kituo, msaidizi wake, na karani mwongozaji, huyu ndo anakuonyesha foleni. Kujuana kupo kama kwenye kazi zote, ila tuma tu.

zamu_ya_usiku: Kama ana kadi ya chama cha siasa, asisahau hili. Pale kwenye semina mnaapa kutunza siri na mnasaini tamko la kutokuwa mwanachama au kujitoa. Mi niliwahi kuwa msaidizi, kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi lakini tulifika alfajiri, saa 10 jioni tukafunga, halafu kuhesabu palepale kwa taa ya chaji mpaka usiku mnene na mawakala wamekukodolea macho kila karatasi. Posho ilichelewa hiyo, acha tu.

kibatari_mwanza: Kumbe mawakala sio wenzenu?

zamu_ya_usiku: Hapana mkuu, hao wanaletwa na vyama vyao.