Naomba ushauri: Linux imeingia, lakini waifai haionekani

Hamjambo ndugu zangu. Nina kompyuta sita kuukuu hapa Kisauni, nataka watoto wa mtaa wazitumie kusomea jioni. Zote zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haziipokei kwa kuwa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuzitupa, roho yangu haitaki.

Nimeanza na moja: nimeweka Linux Mint (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kama Windows) kwa fleshi, kando ya Windows, ili kazi za zamani zisipotee. Inawaka upesi ajabu, na memori ni GB 4 tu! Shida ni mtandao. Nikichomeka waya wa ruta, intaneti ipo; nikiutoa, waifai haionekani kabisa. Kadi yake ya waifai ni ya kampuni ya Broadcom. Je, nishushe draiva yake (programu ya kuiendesha) nikiwa bado kwenye waya, au ninunue kadi ya nje ya USB? Chumba cha watoto kiko ghorofa ya juu, waya haufiki.

Halafu tangu jana ikiwaka inaingia Windows moja kwa moja, hainiulizi. Nibadilishe nini kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inapoanza kuwaka)? Aliyewahi kupitia haya anishike mkono, tafadhali. Watoto wananiuliza kila siku.