Mifuko chini ya macho: ipi ya krimu, ipi ya sindano, ipi ya kisu?

Zamda_N

Habari wadau. Nauliza kuhusu mifuko ya chini ya macho. Iko pande zote mbili, haiumi wala haiwashi. Asubuhi huwa imejaa, mchana inapungua lakini haiishi. Kinachobaki ni kivimbe karibu na pua, na chini yake mfereji mweusi unaoshuka kuelekea shavuni. Umri miaka 41, hakuna dawa ya kila siku, na vipimo vya mkojo, figo na tezi ya shingo vimetoka vizuri.

Krimu za kafeini na retinoli (aina ya vitamini A) zina msaada wowote hapa? Na kama haziwezi, bora sindano za fila (kijazio kinachochomwa chini ya ngozi) au upasuaji? Naomba maelezo, si jina la bidhaa tu.

Nassor_optiki

Dada Zamda, kabla hujatoa hela jua kwanza mfuko wako umejaa nini. Kuna mambo manne yanayoitwa kwa jina hilo hilo moja: maji, mafuta, ngozi iliyolegea na kivuli. Dawa ya moja haigusi lingine, ndiyo maana krimu inayosifiwa na huyu inakuwa bure kwa yule.

Simama mbele ya kioo, mwanga utoke mbele ya uso. Taa ya darini haifai, humtengenezea kivuli hata asiye na mfuko. Kichwa kitulie, kisha tazama juu kwa macho tu. Uvimbe ukitokeza zaidi, hayo ni mafuta. Nyuma ya kope la chini kuna vifuko vitatu vya mafuta: upande wa pua, katikati, na upande wa sikio. Vimezuiwa na utando mwembamba, na utando ukilegea kwa umri au kwa kurithi, mafuta husogea mbele. Kwa kawaida si unene, kwa hiyo hata aliyekonda anayo, na kupunguza uzito mara nyingi hakuyaondoi.

Sasa tafuta kwa ncha ya kidole ukingo wa mfupa chini ya jicho. Uvimbe ulio juu ya ukingo huo ni wa kope. Ulio chini yake, juu ya mfupa wa shavu, ni kitu kingine kabisa na matibabu yake ni magumu zaidi. Kisha tabasamu kwa nguvu: kamba inayojitokeza chini kabisa ya nywele za kope wakati wa kucheka tu ni msuli, usiihangaikie.

Kupima maji, jipige picha unapoamka na tena jioni, mahali pale pale, mwanga ule ule. Tofauti ya picha hizo mbili ndiyo sehemu ya maji. Kupima kivuli, elekeza uso juu kwenye mwanga wa dirisha. Weusi ukipotea, ni kivuli cha mfereji. Ukibaki, ni rangi ya ngozi au mishipa inayoonekana kupitia ngozi nyembamba.

Kwa ulivyoeleza, unachopoteza kufikia mchana ni maji. Kivimbe cha karibu na pua kina kila dalili ya kuwa kifuko cha mafuta cha upande wa pua, na mfereji ulio chini yake huonekana zaidi kwa sababu una mlima juu yake. Thibitisha kwa kutazama juu.

mfamasia_Tatu

Nassor kaeleza vizuri. Naongeza upande wa maji na krimu, maana hapo ndipo watu wanapojiumiza.

Maji hukusanyika pale kwa kuwa ngozi ya kope ni nyembamba kuliko karibu sehemu zote za mwili, na ukilala chali usiku kucha hakuna kinachoyateremsha. Inua kichwa cha kitanda sentimita 10 hadi 15 kwa kuweka vitu imara chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito kunakunja shingo, na kufika usiku wa manane mtu ameshateleza chini. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima: takriban kijiko cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye vyakula vya kiwandani. Pombe ya jioni nayo huonekana usoni asubuhi.

Baridi inafanya kazi kwa sababu hubana mishipa. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya baridi, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa dakika 10, usikandamize. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, inaunguza. Vifuko vya chai vilivyopozwa vinasaidia kwa ule ubaridi wake zaidi kuliko chai yenyewe. Kafeini ya kupaka nayo hubana mishipa, lakini ni kwa saa chache. Ina maana kabla ya kutoka nyumbani; si tiba ya kudumu.

Retinoli huimarisha ngozi na kupunguza makunyanzi madogo. Mafuta hayasogezi hata kidogo. Ukiitaka, anza na nguvu ndogo, asilimia 0.1 hadi 0.3, usiku mara mbili kwa wiki. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha macho yote mawili. Paka kwenye mfupa, si kwenye kope lenyewe, kwa sababu krimu hupanda yenyewe kwa joto la ngozi na kwa kupepesa. Hili ndilo kosa ninalotaka watu waliache: mtu anapaka krimu nzito hadi kwenye nywele za kope, inaingia jichoni usiku, asubuhi jicho limevimba, naye anaongeza krimu. Ipe retinoli wiki 12 kabla ya kuamua. Ngozi ikichubuka au kuwasha, simamisha mpaka itulie. Mjamzito asiitumie. Asubuhi kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Zenye zinki huchoma macho kidogo kuliko nyingine.

Mwenye macho yanayowasha asianze na krimu yoyote. Kuwashwa ni alama ya mzio, na kusugua kunazidisha uvimbe na weusi. Setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima mwenye figo nzima, au matone ya ketotifeni mara mbili kwa siku, hufanya zaidi ya vipodozi vyote. Angalia pia wanja, gundi ya kope bandia na rangi ya kucha. Ndiyo, rangi ya kucha: vidole hugusa macho siku nzima, na mzio wake mara nyingi hujitokeza kwenye kope kabla ya vidoleni.

Halafu nasihi kwa moyo wote: msipake chini ya macho krimu za steroidi, wala zile za kung'arisha zisizoandikwa kilichomo, wala dawa ya bawasiri. Steroidi mwanzoni hupunguza uvimbe, ndipo mtu anapoipenda. Ikiendelea, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, na jicho linaweza kupata presha ya macho au mtoto wa jicho. Vidonge vya kukojoza navyo si vya kunywa kwa ajili ya urembo.

Zamda_N

Asanteni sana. Nimejaribu kutazama juu, kivimbe kinatokeza waziwazi. Basi krimu si yangu. Fila je? Na kuna hizi sindano za kuyeyusha mafuta, naona zinatangazwa sana.

Dkt_kope

Za kuyeyusha mafuta, kaa mbali nazo. Asidi ya dioksikoliki iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu, si ya chini ya macho. Kazi yake ni kupasua kuta za seli, na haichagui: ikitoka kwenye mafuta inaingia kwenye msuli na ngozi. Hata kidevuni inavimbisha sana. Nyuma ya kope, umbali wa milimita chache tu kutoka kwenye misuli inayogeuza jicho, uvimbe huo na makovu yake ni hatari ambayo hakuna sababu ya kuibeba.

Fila ya asidi ya hayaluroniki hujaza mfereji, haipunguzi mlima. Humfaa mwenye mfereji mtupu, ngozi nene kiasi, na asiye na mafuta yaliyotokeza. Wewe una mafuta, na una maji ya asubuhi. Asidi hii huvuta maji, hivyo mwenye tabia ya kuvimba anaweza kubaki amevimba kwa miezi. Ikiwekwa juujuu chini ya ngozi nyembamba huleta rangi ya bluu. Inatakiwa ikae chini kabisa, juu ya mfupa, na kwa kiasi kidogo, kwa kawaida chini ya mililita 0.5 kila upande. Wengi huambiwa itaisha ndani ya mwaka, lakini chini ya macho hukaa zaidi ya hapo mara nyingi. Hatari kubwa ni kuingia kwenye mshipa: mishipa ya karibu na pua imeungana na ile ya jicho, na mtu anaweza kupofuka. Anayechoma awe na hayaluronidesi ndani ya chumba kile kile, tayari kuyeyusha fila. Asipokuwa nayo, ondoka.

Kwa mafuta, tiba yenyewe ni upasuaji wa kope la chini. Njia ni mbili. Ya kwanza hupita ndani ya kope, upande wa pinki, haiachi kovu la nje wala haikati ngozi. Ya pili hukata milimita moja au mbili chini ya nywele za kope, pale ngozi inapokuwa imezidi. Umri wa 41 na ngozi isiyolegea, ya ndani ndiyo ya kuiulizia kwanza.

La pili, na hapa ndipo matokeo yanapotengana: mafuta yataondolewa au yatahamishwa? Wapasuaji wengi zamani walikata mengi, na baada ya miaka jicho likaonekana limezama, mtu akazeeka zaidi. Palipo na mfereji kama wako, mafuta ya upande wa pua yanaweza kuvutwa yapite juu ya ukingo wa mfupa na kushonwa ndani ya mfereji. Mlima unashuka na bonde linajaa kwa kitu chako mwenyewe. Ila si kila mtu ana mafuta ya kutosha kufanya hivyo.

Daktari asipopima vitu viwili, usikubali. Kwanza ulegevu wa kope: hulivuta mbele taratibu kisha huliachia bila wewe kupepesa. Linatakiwa lirudi papo hapo. Likisubiri upepese, au likivutika karibu milimita 8, kona ya nje lazima ikazwe wakati wa upasuaji, la sivyo kope litashuka, weupe wa jicho uonekane chini, na jicho likauke huku likitoa machozi. Pili machozi yenyewe, kwa kikaratasi kinachokaa kwenye kope dakika 5. Jicho kavu huwa baya zaidi baada ya kisu.

Mweleze dawa zote unazotumia: aspirini, ibuprofeni, vitamini E, mafuta ya samaki, dawa za mitishamba. Nyingi husimamishwa wiki moja hadi mbili kabla kwa sababu zinazidisha damu kuvuja, lakini dawa ya moyo au ya kuzuia damu kuganda usiisimamishe mwenyewe, aamue aliyekuandikia.

Upasuaji huchukua saa moja hadi mbili, kwa ganzi na dawa ya kutuliza au usingizi kamili. Siku mbili za mwanzo ni kitambaa baridi, kichwa juu, na hakuna kuinama wala kunyanyua vizito mpaka daktari akuruhusu. Nyuzi za nje hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Kuvilia damu huisha kwa siku 10 hadi 14. Uvimbe mwingi huondoka ndani ya wiki 6, na sura yenyewe ukaihukumu kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Wanaolalamika wiki ya pili kwamba upande mmoja ni mkubwa, mara nyingi ni uvimbe tu unaoshuka kwa kasi tofauti.

Lisilosubiri ni hili: maumivu makali yasiyotulizwa na dawa, jicho kusukumwa mbele, au kuona giza, hasa ndani ya saa 24 za kwanza. Damu inakusanyika nyuma ya jicho na kubana mshipa wa fahamu. Rudi hospitali usiku huo huo. Hesabu yake ni ya dakika. Kwa hiyo kabla ya siku ya upasuaji uwe na namba ya mtu atakayepokea simu saa nane za usiku.

Baraka_M

Samahani kwa kudandia. Mzee wa miaka 63, ngozi nyeusi, uvimbe wake uko chini ya ukingo wa mfupa, juu ya shavu. Leza inafaa?

Dkt_kope

Huo ndio ule mgumu aliousema Nassor. Upasuaji wa kawaida wa kope hauuondoi, na mafuta ya juu yakitolewa unaweza kuonekana zaidi. Fila huuvimbisha. Leza ya kaboni dioksidi hukaza ngozi, lakini kwenye ngozi nyeusi joto lake huamsha rangi na kuacha weusi wa miezi mingi. Masafa ya redio (mawimbi yanayopasha ngozi joto ili ikaze) hayalengi rangi, hivyo ni salama kiasi, ila matokeo ni madogo. Kama ni leza, iwe ya nguvu ndogo, na ijaribiwe kwanza sehemu iliyojificha, kisha wiki 4 hadi 6 za kusubiri kuona ngozi inavyojibu.

Ila mzee wa umri huo apimwe kwanza.

Nassor_optiki

Naunga mkono. Zamda kapima, Baraka hajasema. Uvimbe mpya wa macho ukiambatana na mkojo wenye povu au miguu kuvimba, pima protini kwenye mkojo. Kwa mtoto usisubiri hata siku mbili. Macho yakitokeza, au kope la juu likapanda na weupe ukaonekana juu ya mboni, pima tezi ya shingo. Uvimbe wa upande mmoja wenye wekundu na homa, jicho likiuma linapogeuka au kuona vitu viwili viwili, ni maambukizi yanayoweza kuwa yameingia nyuma ya jicho. Hiyo ni hospitali leo. Na ukiandamana na midomo au ulimi kuvimba na pumzi kubana, ni dharura ya mzio.

Mzee apimwe mkojo, kreatinini (kipimo cha figo), tezi ya shingo na presha. Vyote vikiwa salama, ndipo mazungumzo ya leza yaanze.