Bawaba na makomeo ya mlango: ya mhunzi au ya kiwandani?

Mgeni_wa_Msumeno: Wakuu, habari zenu. Naweka mlango mpya wa mbele. Nimekwama njia panda: bawaba na komeo za kufuliwa kwa mkono, au nichukue za kiwandani nimalize? Fundi anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Kipimo: Mbao gani? Unene? Unapigwa na mvua? Bila hayo tunakupigia ramli tu.

Fuawe: Za mhunzi, hakuna mjadala. Ila ujue unachonunua. Vingi vinavyoitwa vya kufua ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, kikapakwa rangi nyeusi na kutiwa vibonyeo ili tudhani kimepigwa nyundo. Geuza nyuma: cha kumimina mara nyingi kina vijichembe kama mchanga. Ukikipiga kwa nguvu hupasuka, cha kufua hupinda.

Bi_Veranda: Mimi ziliniponza. Niliagiza bawaba tatu, nzuri mno, ncha zimekunjwa kama mkia wa kinyonga. Fundi akapima moja, akachonga nafasi zote kwa kipimo hicho hicho. Mlango ukifika nusu unagoma, ukiulazimisha unalia, na skrubu za bawaba ya kati zinatoka kidogo kidogo. Tukapaka grisi. Tukaranda ubavu wa mlango, bure, sasa una upenyo hadi leo. Fundi wa pili alikuja na uzi tu, akauvuta kutoka pini ya juu hadi ya chini. Ya kati ilikuwa imetokeza unene wa sarafu! Akaongeza kina chini yake kwa patasi, basi. Vya mkono havifanani, kila kimoja kichorewe nafasi yake.

Kipimo: Kosa la fundi hilo, si la bawaba.

Bi_Veranda: Za kiwandani zingemsamehe.

Mgeni_wa_Msumeno: Samahani wakuu, ni mwaloni, inchi mbili. Mvua ya upepo inaufikia.

Fuawe: Mwaloni! Ungesema mapema. Mbao hiyo ina tanini, kemikali ya asili ya mti, ikikutana na chuma na unyevu inatoa madoa meusi yasiyofutika kwa kitambaa. Paka nta nyuma ya bawaba kabla ya kufunga, na ndani ya matundu ya skrubu.

Kutu_Mwiko: Nta kwenye mvua? Atakuwa anapaka kila mara. Zitiwe zinki, kisha rangi.

Fuawe: Zinki sawa, lakini baada ya kufua. Usimpelekee mhunzi chuma chenye zinki akipashe moto, moshi wake unaumiza mapafu.

Kutu_Mwiko: Nani kasema apelekewe?

Dari_Chini: Mimi natumia mafuta ya kitani, chuma kikiwa bado cha moto. Weusi wake unapendeza kuliko rangi yoyote. Ila matambara yenye mafuta hayo yaanike yakiwa yametandazwa, ukiyafinyanga pipani yanaweza kuwaka yenyewe.

Kutu_Mwiko: Sasa mnamtisha mwenzetu.

Dari_Chini: Simtishi, langu liliungua. Pipa, si nyumba.

Mgeni_wa_Msumeno: Asanteni. Naelekea za mhunzi, ingawa Bi Veranda kanitia baridi. Fundi kapiga simu, anauliza mlango utafungukia ndani au nje.

Kipimo: Na bawaba upande gani?

Mgeni_wa_Msumeno: Ngojeni nikatazame.