Cumberland hadi Georgetown kwa baiskeli ya changarawe: tairi, matope na maji ya kunywa

Kutoka: Mkazi wa Silver Spring

Wapendwa, habari za leo. Tuko wanne, tunapanga kushuka njia ya kando ya mfereji wa zamani wa C&O (Chesapeake na Ohio), Marekani, kutoka Cumberland, Maryland, hadi Georgetown, Washington, katikati ya Mei, siku nne, tukilala kwenye mahema. Baiskeli zote ni za changarawe (gravel), tairi za milimita 38, zina madigadi, na mizigo itakaa kwenye keria ya nyuma. Tumeambiwa njia ni tambarare kiasi kwamba hata baiskeli ya mjini inatosha. Ni kweli? Na maji ya kunywa tutayapata wapi? Anayeijua njia atusaidie.

Kutoka: Fundi, Hagerstown

Salama. Tambarare ni kweli. Kutoka Cumberland hadi Georgetown unashuka futi 605 tu ndani ya maili 184.5, tena mteremko wenyewe umegawanywa kwenye malango 74 ya maji, yaani ngazi za kupandishia na kushushia mashua. Kila lango ni kama futi nane, unalipita kwa pumzi mbili. Gia kubwa na ndogo hazitakusumbua. Kitakachoamua safari yenu ni unyevu.

Njia ile ni udongo ulioshindiliwa kwa ajili ya nyumbu waliovuta mashua. Mfereji uko upande mmoja, Mto Potomac upande wa pili, na miti imeziba jua juu. Maji hayana pa kwenda. Mvua kubwa ikinyesha Jumamosi, Jumatatu bado mnakanyaga madimbwi. Sehemu kadhaa za upande wa juu wa mto kutoka Edwards Ferry zimetandazwa changarawe upya miaka ya karibuni, na hapo tofauti utaihisi mara moja chini ya gurudumu. Kwingine ni udongo wa kale na mizizi. Watu wanaoshuka kutoka Pittsburgh kwa njia ya Great Allegheny Passage ndio hudanganyika zaidi: ile ilikuwa reli, ina kokoto za chokaa na mifereji ya kutoa maji pembeni, inakauka upesi. Wakivuka Cumberland wanadhani mambo ni yale yale.

Sasa baiskeli. Milimita 38 zinapita pakiwa pakavu. Kwa Mei mimi nasema 42 hadi 45 kama fremu inaruhusu. Madigadi toeni, au hakikisheni pana nafasi ya angalau milimita 15 kati ya tairi na madigadi pande zote. Udongo wa pale unashikana na majani makavu na vijiti, unajaa juu ya tairi kwenye uma wa mbele na nyuma ya paipu ya kiti, unakuwa kama tofali, na gurudumu linagoma. Kwa madigadi yaliyobana utasimama kila nusu maili kuchokoa. Kuchafuka mgongo ni nafuu.

Upepo wa tairi: mtu wa kilo 80 mwenye mzigo wa kilo 10, kwenye tairi ya 45 isiyo na tyubu, aanze na PSI 32 mbele na 36 nyuma. Mwenye tyubu aongeze 5, kwa sababu mizizi inagonga rimu na kuacha matundu mawili yaliyoelekeana. Ukishakiona kitobo cha aina hiyo jua tatizo ni upepo mdogo, usipoteze muda kutafuta mwiba. Kwa wasiotumia tyubu, maji ya kuziba matundu mililita 60 kwa kila tairi, yawe mapya. Yaliyokaa miezi minne ndani ya tairi mara nyingi yameshakuwa ngozi kavu. Tikiseni gurudumu karibu na sikio: msiposikia kitu kinachezacheza, ongezeni.

Kingine kinachowarudisha watu nyumbani ni kijiti. Njia imejaa vijiti, kimoja kinaingia kwenye chombo cha kubadili gia nyuma, mtu anaendelea kukanyaga, mnyororo unakivuta, kibanio kinachoshika chombo hicho kwenye fremu kinapinda au kukatika, halafu chombo chenyewe kinaingia kwenye spoku. Hapo safari imekwisha. Mkisikia mlio wa kukwaruza nyuma, acheni kukanyaga papo hapo, msikanyage hata kinyumenyume. Shukeni, kitoeni kwa mkono. Kila mmoja abebe kibanio cha akiba cha fremu yake mwenyewe. Vinatofautiana fremu kwa fremu, na dukani njiani hutapata cha kwako.

Akiba nyingine: kiungo cha haraka cha mnyororo kinacholingana na idadi ya gia zenu, tyubu mbili kwa kila mtu, viraka, pampu ya mkono, pedi za breki jozi moja. Pedi laini zinaisha haraka kwenye matope yenye mchanga, hivyo fungeni za chuma kabla ya kuondoka. Zikibaki chini ya milimita moja, badilisheni. Skrubu za keria kazeni kila jioni kwa funguo ya Allen namba 4, kwa maana mtikisiko wa pale ni mdogo lakini haukomi. Mnyororo ufuteni kwa kitambaa kabla ya kutia mafuta. Mafuta juu ya mchanga ni msasa.

Na kengele. Ni sharti la hifadhi ya mfereji huu, si pambo. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 15 kwa saa, na mnapita mmoja nyuma ya mwingine.

Kutoka: Mzee wa Frederick

Vijana, Fundi amemaliza upande wa chuma. Mimi nitasema njia.

Kugawa siku nne: Cumberland hadi Fifteen Mile Creek pale Little Orleans, maili 44. Kisha Williamsport, maili 41. Kisha Brunswick, 44. Siku ya mwisho 55 hadi Georgetown, ndefu kuliko zote, ila mtakuwa mmezoea na mizigo ya chakula imepungua. Pakiwa pakavu hesabuni maili 10 kwa saa. Pakiwa na matope hesabuni 6 au 7, na hapo ndipo maili 44 zinapokula mchana mzima. Msipange kufika kambini saa kumi na mbili jioni. Pangeni saa tisa.

Siku ya pili mkikuta matope, mna njia ya kuponea. Western Maryland Rail Trail inatambaa sambamba na mfereji kutoka Little Orleans, inapita Hancock hadi jirani na Fort Frederick, na ni lami. Kuna kipande kimoja tu, penye handaki la Indigo lililoachiwa popo, ambapo mnarudi kwenye njia ya mfereji kwa muda. Wenye msimamo mkali watawaambia mnakwepa mfereji. Waacheni na matope yao.

Maji: kambi za watembeao na waendesha baiskeli ziko kila maili tano hadi nane au zaidi kidogo, hazilipiwi, anayewahi ndiye anayelala, usiku mmoja kwa kila kambi. Mnakuta meza, choo na pampu ya mkono. Pampu zinafanya kazi kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Novemba, na maji hutiwa ayodini. Ila pampu yoyote inaweza kuondolewa mpini wakati wowote kipimo cha bakteria kikishindwa, kwa hiyo msifike kwenye pampu na chupa tupu. Kila mtu awe na lita tatu, na mjaze kila pampu inayotoa, hata kama mlijaza saa iliyopita. Mwenye matatizo ya tezi ya shingo na asiyependa ayodini abebe chujio lake. Maji ya Potomac yachujwe, hayo yanapitia mashambani.

Takataka mnaondoka nazo. Mapipa hakuna, kwa makusudi.

Pale Big Slackwater, upande wa juu wa mto kutoka Bwawa namba 4, mfereji haukuchimbwa kwa sababu ya majabali. Mashua ziliingia mtoni, na nyumbu walipita kwenye ukingo. Leo pana njia ya saruji iliyobandikwa kando ya jabali, laini mno, lakini mto ukipanda hapo ndipo panapozama mapema. Kabla ya kuondoka someni matangazo ya kufungwa kwa njia kwenye ukurasa wa hifadhi, kisha kina cha mto kwenye kipimo cha Point of Rocks, siku tatu mfululizo. Kikiwa kinapanda, ahirisheni. Mfereji huu ulianza kuchimbwa 1828, ukafika Cumberland 1850, na mafuriko ya 1924 ndiyo yaliyoufunga kibiashara. Mto una desturi yake.

Kutoka: Mkazi wa Silver Spring

Shikamoo Mzee, na asante Fundi. Tumeshatoa madigadi. Maswali mawili: handaki la Paw Paw tunalipita vipi na mizigo ya pembeni? Na mmoja wetu anaogopa kupe.

Kutoka: Mzee wa Frederick

Marahaba. Paw Paw ni futi 3,118, mnatembea kwa mguu mkikokota baiskeli, kama dakika 15 hadi 20. Giza ni la kweli. Taa ya kichwani ni bora kuliko ya usukani, kwa sababu unahitaji kuona miguu yako: sakafu ina mashimo yenye maji, na ukiangaza mbele tu utayakosa. Njia ni nyembamba, ukuta wa matofali upande mmoja na reli ya mbao upande wa mfereji. Mifuko ya keria itagusa. Hamisheni mfuko mmoja juu ya keria kabla ya kuingia, baiskeli ikae upande wa reli, ninyi upande wa ukuta. Mkikutana na wengine ndani, wenye mizigo midogo wasimame na kubana. Shikeni reli muone michirizi iliyochongwa na kamba za mashua, vidole vinaingia.

Kutoka: Muuguzi, Baltimore

Kuhusu kupe: Mei ni msimu wao hasa, na wachanga wa wakati huo ni wadogo kuliko mbegu ya ufuta. Nguo na soksi zipuliziwe permethrini, dawa ya kuua wadudu, siku moja kabla na zikauke. Hiyo haipakwi mwilini. Mwilini ni DEET, dawa ya kufukuza wadudu. Msikae kwenye nyasi ndefu, na mahema yakae katikati ya uwanja wa kambi. Kila jioni kaguaneni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Ukimkuta ameng'ata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Akiwa alikaa saa 36 au zaidi, mwone daktari ndani ya saa 72 tangu atolewe, maana pana dozi moja ya dawa inayoweza kuzuia Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe. Upele unaopanuka au homa wiki chache baadaye, nenda hospitali na uwaambie ulikuwa wapi.

Jambo jingine halijatajwa. Njia tambarare haina kilima cha kukulazimisha usimame, kwa hiyo mtu anakalia kiti saa tano bila kubadili mkao, na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Kila robo saa inukeni juu ya pedali kwa sekunde 20 na mbadilishe mshiko wa usukani. Ganzi isiyoisha usiku kucha maana yake usukani uko chini mno au kiti kimeinama mbele.

Kutoka: Fundi, Hagerstown

La kufungia kazi kwa upande wangu: kwenda Cumberland kuna treni ya Amtrak kutoka Washington, mara moja kwa siku. Nafasi ya baiskeli ni lazima iwekewe tiketi yake mapema, na ni chache. Watu wanne ni wengi kwa treni moja. Kateni tiketi za baiskeli kabla hamjaomba likizo kazini. Zikikosekana, kodini gari kubwa la kurudishwa mji mwingine, mtoe magurudumu ya mbele, na mfunge kipande cha mbao kati ya pedi za breki ili mtu asije akabana mpini njiani na pedi zikashikana.